Ukurasa wa Pili wa Barua: Kupanga Orodha ya Vyuo vya Marekani Utakavyoweza Kuvimudu

Hamjambo wadogo zangu. Na wazazi mnaotazama pamoja nao, shikamooni.

Mnaiona bahasha hii? Ndani yake kuna barua yangu ya kwanza ya kukubaliwa na chuo cha Marekani. Ukurasa wa kwanza unanipongeza. Siku ilipofika, baba aliusoma kwa sauti, mama akapiga vigelegele, majirani wakaja. Ukurasa wa pili tuliusoma usiku, wageni walipokwisha kuondoka. Chuo kinanipa dola 15,000 kwa mwaka, na zilizobaki, dola 41,000, nilete taarifa ya benki kuonyesha kwamba ninazo. Baba aliikunja barua taratibu akanirudishia. Mwaka ule sikwenda popote.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Dada, nitajie vyuo vizuri," mimi namuuliza kwanza: nyumbani kwenu mnaweza kutoa kiasi gani kila mwaka, kwa miaka minne, bila kuuza shamba? Kama ni dola 2,000, andika 2,000 juu kabisa ya daftari. Kama ni sifuri, andika sifuri, wala usione aibu. Namba hiyo ndiyo itakayochagua vyuo.

Kwa sababu utaratibu wenyewe uko hivi: chuo hakikupi fomu ya I-20 mpaka kione ushahidi wa pesa za mwaka wa kwanza mzima, na bila I-20 huwezi kuomba viza ya mwanafunzi. Ukiambiwa "nenda tu, utafanya kazi ujilipie", tafadhali usikubali. Viza hiyo ya mwanafunzi, iitwayo F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nilipokuja kupata chuo kingine, nimeosha vyombo vya bwalo kwa saa hizo. Nilipata za sabuni, vocha na nauli ya basi. Ada, hata robo yake sikuifikia.

Sasa tuje kwenye vyuo. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin: hivi vinasoma maombi ya mwanafunzi kutoka nje bila kuangalia kama ana pesa, na vikimkubali vinajazia chote ambacho familia yake haiwezi kulipa, kwa hesabu ya chuo chenyewe. Viko vingine vya namna hiyo, lakini ni vichache. Weka kimoja au viwili. Ila Harvard inachukua pungufu ya 5 katika kila waombaji 100, na wengi wa wanaokataliwa nao walikuwa wa kwanza darasani. Orodha ya vyuo saba vya aina hii si orodha, ni bahati nasibu.

Vyuo vingi vilivyobaki vinaangalia pesa. Kadiri unavyohitaji msaada mkubwa, ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set. Tafuta jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu. Ukiupata, nenda kipengele B2, uone chuo kina wanafunzi wangapi wasio wakazi wa Marekani. Kisha shuka mpaka H6, uone wangapi kati yao wamepewa msaada na chuo, na kwa wastani kiasi gani. Tuseme chuo kimoja kina wageni 200, waliosaidiwa ni 150, wastani dola 58,000. Kingine kina wageni 3,000, waliosaidiwa ni 60, wastani dola 9,000. Hicho cha pili kinaweza kuwa na jina kubwa na picha nzuri mno. Kifute. Mimi barua ile isingeniuma sana kama ningejua kusoma mstari huo mmoja.

Wastani huo ulinganishe na gharama yote, si ada peke yake: chumba, chakula, vitabu, bima ya afya. Bima hiyo peke yake huweza kufika maelfu ya dola. Uliza pia kama mabweni hufungwa likizo ya Desemba, maana utalala wapi?

Vyuo vikuu vya majimbo, vingi vinamtoza mgeni ada ya juu na msaada wake ni haba. Msipoteze muda mwingi huko, isipokuwa pale wanapotangaza wazi skolashipu kwa alama ulizonazo. Na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani mnayoiona kwenye video za Wamarekani, haituhusu sisi tunaokuja kwa viza ya mwanafunzi. Yetu mara nyingi ni CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kueleza hali ya fedha ya familia, au fomu ya chuo chenyewe.

Chuo cha Berea, kule jimbo la Kentucky, hakimtozi mwanafunzi yeyote ada ya masomo, na kila mmoja hufanya kazi ya chuo angalau saa 10 kwa wiki. Nafasi za wageni ni chache, lakini kisome.

Idadi? Common App, tovuti ya kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, inaruhusu vyuo 20. Mimi nasema nane hadi kumi vilivyochunguzwa. Kuomba chuo kimoja mara nyingi ni dola 50 mpaka 90, kwa hiyo andika barua pepe ya heshima uombe kusamehewa malipo hayo. Vingi hukubali.

Na chuo cha nyumbani kiwe kwenye orodha, kwa moyo wote, si kama adhabu. Jueni tu kwamba ukishaanza kusoma huko, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na msaada wa wanaohamia huwa mdogo zaidi.

Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Leo usiku, kabla ya kufungua tovuti yoyote, kaa na mzazi mwandike ile namba. Wazazi, naomba muiseme ilivyo. Baba yangu alikuwa anaijua yetu tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza.