Gari Limegoma Kuwaka Asubuhi: Sikiliza Kwanza, Spana Baadaye

Wazee wangu, shikamooni. Madereva wenzangu na vijana wa gereji, habari za asubuhi.

Huku kwetu, kuanzia Uyole mpaka Makambako na Njombe, Juni na Julai gari lililolala nje huamka na baridi kali, na ndipo stata nzima nyingi hufunguliwa bure. Naomba tukubaliane jambo moja: usishike spana kabla hujajua gari limegoma vipi. Stata haizungushi injini, au inazungusha lakini injini haiwaki? Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani.

Tuanze na stata isiyozungusha. Washa taa kubwa, kisha piga stata, mwenzako akiziangalia. Zikififia sana na ukasikia tik-tik-tik ya haraka, umeme hautoshi: betri imeisha au terminali (vishikizo vya waya kwenye betri) zimelegea. Zikibaki vilevile na kimya kimetanda, umeme haufiki kwenye stata. Kagua fyuzi, rilei (kiswichi kinachoendeshwa na umeme) na swichi ya ufunguo. Kama ni gari la otomatiki, jaribu kwanza kuwasha ukiwa kwenye N (gia huru). Swichi ya gia ikichakaa, huenda P (ya kuegesha) pekee ikagoma.

Sasa chukua mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma volti 12.6. Ikisoma 12.0, chaji imebaki robo hivi. Unapopiga stata isishuke chini ya 9.6; ikishuka, ichaji ijae ndipo uipime tena, usikimbilie kununua mpya. Kumbuka kwenye nyuzi sifuri hata betri nzima hupoteza karibu theluthi ya nguvu, na wakati huohuo oili imekuwa nzito.

Hapa kwenye terminali nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotea. Tazama kichwa cha betri: unga mweupe au wa kijani, na mara nyingi kuna msumari umechomekwa ili terminali ikaze. Msumari ule unagusa sehemu ndogo tu. Redio italia, taa zitawaka, lakini stata inataka ampea mia na zaidi, hazipiti pale. Fungua hasi kwanza, kwa magari mengi ni spana namba 10, kisha chanya. Osha kwa kijiko cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya moto, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Funga chanya kwanza, hasi mwisho.

Bado? Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya wa hasi unaokwenda kwenye injini umeoza au umelegea. Waya huo ni wa bei ndogo sana, na wengi hawaupimi kabisa.

Stata ikizungusha vizuri na gari la petroli haliwaki, fungua ufunguo bila kupiga stata, usikilize upande wa tangi: kwa magari mengi pampu ya mafuta hunguruma sekunde 2 hivi. Kimya? Anza na fyuzi na rilei yake. Kama inanguruma, kagua cheche za moto kwenye plagi.

Kwa dizeli, subiri taa ya gloplagi (plagi zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka) izime kabla ya kupiga stata. Kama filta imebadilishwa juzi, shuku upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta: piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Piga stata si zaidi ya sekunde 10, ipumzike dakika moja, ndipo urudie. Na tafadhali, petroli au dawa ya kupuliza kwenye mdomo wa hewa msiitumie kwa injini yenye gloplagi. Inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na inaweza kuipasua.