Heian-kyo, Mji Mkuu Uliokufa Upande Mmoja

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunazungumzia mji mkuu wa kale ambao waandishi wa hadithi na watengenezaji wa michezo ya kompyuta huukopa kila wanapobuni taifa linalofanana na Japani. Kaka Bakari, ulisema tusianze na hadithi hizo. Kwa nini?

BAKARI: Kwa sababu, dada Rehema, miji hiyo ya kubuni karibu yote ina sura moja: mitaa imenyooka kama mistari ya ubao wa drafti, kasri liko kaskazini, lango kuu liko kusini, na kila kilichopo upande mmoja kina mwenzake upande wa pili. Hiyo ni sura ya Heian-kyo, yaani Kyoto ya leo, lakini ni sura ya mchoro wake tu.

REHEMA: Tuutazame mchoro wenyewe kwanza.

BAKARI: Mfalme Kanmu alihamia hapo mwaka 794. Mji ulipimwa kwa kuigiza Chang'an, mji mkuu wa Uchina wa enzi ya Tang: takriban kilomita 4.5 kutoka mashariki hadi magharibi, na kilomita 5.2 kutoka kaskazini hadi kusini. Barabara ya katikati, Suzaku, ilikuwa na upana wa mita 84 hivi, na iliugawa mji kuwa wa kushoto na wa kulia. Hapo wengi hukosea, kwa kuwa mfalme aliketi kaskazini akitazama kusini, kwa hiyo kushoto kwake ni mashariki. Hata leo wilaya ya Sakyo, ambayo jina lake linataja kushoto, ipo upande wa kulia wa ramani.

REHEMA: Lakini mfalme huyo huyo alikuwa amekwisha kuanza kujenga mji mkuu mwingine, Nagaoka, mwaka 784. Uliachwaje baada ya miaka kumi tu?

BAKARI: Palimwagika damu. Mwaka 785 msimamizi wa ujenzi, Fujiwara no Tanetsugu, aliuawa, na lawama zikamwangukia mwanamfalme Sawara, mdogo wake mfalme. Alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Awaji, akagoma kula, akafia njiani. Yalipofuata maradhi, mafuriko na misiba katika nyumba ya kifalme, watu waliamini kwamba roho ya marehemu ilikuwa inadai haki yake. Mwaka 800 alipewa cheo cha mfalme akiwa kaburini.

REHEMA: Kwa hiyo walihama wakimkimbia marehemu. Huko walikohamia, mchoro ulitimia?

BAKARI: Haukutimia. Upande wa magharibi ulikuwa bondeni, ardhi yake ni chepechepe, na wenye uwezo wakajisogeza mashariki. Mwaka 982 ofisa msomi, Yoshishige no Yasutane, aliandika kwamba upande huo ulikuwa karibu mahame: watu waliondoka na hawakuja wengine, nyumba zilibomoka na hazikujengwa nyingine. Nusu ya mji mkuu, iliyopimwa kwa kamba na kupewa majina ya mitaa, ilirudi kuwa mashamba.

REHEMA: Na lile lango kuu la kusini, Rajomon?

BAKARI: Liliangushwa na upepo mwaka 816, likajengwa upya, likaanguka tena kwa dhoruba mwaka 980, na safari hiyo hakuna aliyelisimamisha. Ukifika leo utakuta kiwanja kidogo cha kuchezea watoto kati ya nyumba za watu, na ndani yake nguzo ya jiwe yenye maandishi. Mahekalu mawili yalisimama pande mbili za lango hilo: To-ji bado lipo, na mnara wake wa mwaka 1644 una urefu wa karibu mita 55, ilhali Sai-ji, pacha wake wa magharibi, liliteketea na halikurejeshwa.

REHEMA: Hata kasri, kwa ninavyofahamu, halipo mahali pake.

BAKARI: Halipo. Liliungua mara ya kwanza mwaka 960, likaungua tena na tena, na baada ya moto wa mwaka 1227 kiwanja chake kiliachwa. Wafalme walikuwa wamezoea kukaa katika majumba ya wakwe zao, upande wa mashariki, na kasri linaloonekana leo, ambalo majengo yake makuu ni ya mwaka 1855, lipo huko.

REHEMA: Basi picha zile za malango mekundu na vigae vya kijani zinatoka wapi?

BAKARI: Nyingi hupigwa katika hekalu la Heian, lililojengwa mwaka 1895 kuadhimisha miaka 1,100 ya mji. Ni nakala ya ukumbi wa kasri la kale kwa kipimo cha tano kwa nane, na limejengwa ng'ambo ya mto Kamo, nje kabisa ya mipaka iliyopimwa na watu wa Kanmu.