Lille: viatu kwanza, koti baadaye

Haya, hamjambo wapendwa? Leo niko Lille, kaskazini mwa Ufaransa, huu mtaa wa maduka unaitwa rue de Béthune. Hebu tazameni miguu ya watu wanaopita nyuma yangu. Mmeona kisigino kirefu hata kimoja? Raba, raba, buti fupi, raba tena.

Dada zangu mnaoniandikia eti Ufaransa lazima utoke kama mwanamitindo, huko ni kwenye picha. Huku watu wanatembea. Ngazi za metro, mvua, halafu mji wa kale barabara zake ni za mawe; kisigino chembamba kinazama katikati ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo unayekuja kusoma, usijaze begi viatu vya sherehe. Acha nafasi, utanunua huku.

Ukiingia dukani, kabla ya yote, salamu yao, "bonjour". Ukipita kimya utanuniwa, na muuzaji ataona ana haki. Nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na uvae zile soksi nene za baridi.

Ngoja nisogeze hiki kiatu kwenye kamera. Mnaona kibandiko? Kinaonyesha sehemu tatu: juu, ndani, soli. Alama kama ngozi ya mnyama iliyotandazwa, hiyo ni ngozi kweli. Iliyofumwa kama mkeka ni kitambaa. Hii yenye umbo la uru la karata ni vinginevyo, plastiki na ndugu zake. Sasa hiki juu ngozi, ndani kitambaa, soli uru. Soli hainisumbui, mpira ndio unaoshika njia ikilowa. Lakini ndani kukiwa na uru, mimi nakirudisha kwenye rafu, mguu utachemka humo kutwa nzima.

Nguo sasa. Kama kwenye mitumba umezoea 12 ya Uingereza, hapa tafuta 40. Ila Mjerumani hiyo hiyo anaiandika 38, kwa hiyo soma lebo yote, maana nyingine zimeorodhesha nchi kadhaa.

Bei? Subirini soldes, msimu wao wa punguzo la bei. Ni wiki 4 mara mbili kwa mwaka, Januari na kuanzia mwisho wa Juni, na tarehe zinapangwa na serikali. Ndipo duka linaporuhusiwa kuuza hata kwa hasara, na bei ya zamani lazima ionekane. Wiki ya kwanza saizi zipo, wiki ya mwisho bei ni ya kutupa lakini zimebaki 36 na 46. Kiatu cha kazi mimi nanunua wiki ya kwanza, sweta nasubiri.

Nje ya msimu, nendeni Decathlon, duka la vifaa vya michezo. Ilianzia hapa hapa jirani, Englos, mwaka 1976. Urembo msitegemee, ila soksi na koti la mvua havina mpinzani kwa bei.

Na jamani, risiti! Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo. Dukani hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji akurudishie pesa kwa sababu kiatu kinakubana. Wengi wanakubali, lakini uliza kabla hujalipa.

Aliyeuliza sweta za watoto, twende, duka lile pale kona, bado hawajafunga.