"Unafanya Kazi" Si Kipimo: Mhadhara kwa Mafundi wa Viwanda na Pampu, Kigoma

Wazee, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Naona wa chumvi kutoka Uvinza wamekaa pamoja, na wa pampu za maji wameshika viti vya karibu na mlango, simu ikiita watoke.

Leo tunaongelea waya mbili: zile zinazobeba mazungumzo kati ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mitambo, na invata inayorekebisha mwendo wa mota, sensa za tanki, vali na mita za maji. Mtandao wa namna hiyo huitwa fildibasi. Lugha zake ni kama Modbus, iliyotoka mwaka 1979, na PROFIBUS, iliyoanza Ujerumani mwaka 1987, na zote mbili hadi leo mtazikuta zikipita kwenye RS-485, kanuni ya kupitisha umeme wa mawasiliano kwenye waya hizo mbili. Historia tuiachie hapo.

Ukimuuliza fundi mtandao wake ukoje, atakujibu, "Unafanya kazi." Jibu hilo mimi silipokei. Tupige hesabu.

PLC inaiuliza invata swali moja kila sekunde. Kwa siku ni maswali 86,400. Tuseme katika kila majaribio mia, moja linaharibika njiani, na programu imepangwa kurudia mara tatu kabla ya kupiga kengele. Ili kengele ilie, lazima jaribio la kwanza na marudio yote matatu yaharibike. Kama makosa hayo hayahusiani, uwezekano wake ni mmoja katika milioni mia. Yaani utakaa zaidi ya miaka mitatu skrini ikiwa kijani tupu, na huku kila siku majaribio zaidi ya 800 yanapotea. Marudio yamekufichia ugonjwa.

Lakini nimesema "kama hayahusiani", na hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu kiwandani makosa huja kwa mkupuo. Mota kubwa ikiwashwa, kelele ya umeme inaweza kudumu sekunde kadhaa. PLC inarudia baada ya milisekunde 200, inarudia tena, inarudia tena. Majaribio yote manne yameangukia ndani ya kelele ile ile. Ni sawa na kumwita mtu aliyeko gatini wakati injini ya boti inanguruma: ita mara nne upesi upesi, hasikii hata moja. Basi ile miaka mitatu ya kwenye karatasi inageuka kuwa kila mota inapowashwa.

Kwa hiyo jumla ya makosa peke yake hainitoshi. Nataka na saa yalipotokea. Vifaa vingi vya Modbus vina vihesabio ndani yake: amri namba 08, kijisehemu cha 11, inakupa idadi ya jumbe zilizopita kwenye laini, na cha 12 inakupa zilizokataliwa na CRC, yaani namba ya ukaguzi inayofungwa mwishoni mwa kila ujumbe. Kama kifaa chako kinazo, soma kila saa, toa za saa iliyopita, gawanya zilizokataliwa kwa jumbe zote, kisha weka kando ya daftari la kuwasha mota. Mara nyingi mwizi anajitaja mwenyewe.

Urefu wa ujumbe nao una neno. Swali la Modbus la kusoma rejista, yaani visanduku vya namba ndani ya kifaa, lina baiti 8, na kwa biti 11 kila baiti ni biti 88. Jibu la rejista 100 lina baiti 205, yaani biti 2,255. Kosa la biti moja katika 100,000 litaharibu chini ya swali moja katika elfu, lakini litaharibu majibu marefu takriban mawili katika kila mia. Penye kelele, omba rejista unazozihitaji tu.

Kuna wanaoniambia, "Si CRC inakataa mbovu? Tatizo liko wapi?" CRC ya biti 16 inakamata mkupuo wowote usiozidi biti 16. Uharibifu mpana zaidi, kwa makadirio, mmoja katika 65,536 utapenya ukiwa na sura ya ujumbe halali. Kwenye kina cha tanki utaona namba ya ajabu mara moja, basi. Kwenye vali ya klorini mimi nisingependa kusubiri zamu yangu.

Sasa tushike mita zetu za kupimia umeme. Zima umeme wa vifaa vyote, weka mita kwenye omu, pima kati ya waya ya A na B. Laini ya RS-485 yenye rezista (kizuizi kidogo cha umeme) ya omu 120 kila mwisho itakusomea karibu na 60. Ukiona 120, rezista moja haipo au kebo imekatika. Ukiona 40, kuna ya tatu, na kwa kawaida ni kifaa kilichoongezwa katikati, swichi yake ndogo ya rezista ikaachwa imewashwa. PROFIBUS ina rezista za thamani nyingine, msiipime kwa namba hizi.

Ninyi wa Uvinza fungueni na visanduku vya maungio. Unyevu wenye chumvi hupitisha umeme kati ya skrubu, na hula shaba. Masika yakianza, mtandao uliokuwa mzima Agosti unaanza kukohoa.

Kebo hii ya mezani imezimwa, na mahali fulani nimeficha rezista. Kijana wa Kasulu, njoo na mita yako utuambie ziko ngapi.