Kumsikiliza Aliye Chini Yako

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nitaanza na ajali ya ndege.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia. Ukungu ulikuwa umetanda, wala hakuna iliyoiona nyenzake. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, akaanza kuondoka. Mhandisi wa ndege hiyo, aliyekaa nyuma yake, alikuwa amesikia redioni maneno yaliyomtia shaka. Akauliza kama ile ndege nyingine, ya shirika la Pan American la Marekani, bado haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Haikuwa imetoka, na ndege hizo zikagongana. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi.

Sababu zilikuwa nyingi: ukungu, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, haraka ya kuondoka. Lakini naomba tukae kwanza na lile swali. Mhandisi alisema jambo la maana wakati safari ingali inaweza kusitishwa, na mwenye uamuzi alimsikia kiasi cha kumjibu. Tatizo halikuwa la masikio. Rubani yule ndiye aliyeongoza mafunzo ya 747 katika kampuni yake. Nani angembishia mara ya pili?

Hapo ndipo ninapoachana na mafunzo mengi ya usikivu. Tunaambiwa tumtazame mtu machoni, tutikise kichwa, tuweke simu pembeni. Ni adabu nzuri, zishikeni. Lakini kwa mwenye cheo, shida huanza kabla mtu hajafungua mdomo. Mtu anayengoja saini yako ili apate likizo, apandishwe daraja au abaki kazini, hakuletei habari mbaya jinsi ilivyo. Huilainisha. "Hatutamaliza kwa wakati" inakuwa "kuna changamoto kidogo". Msimamizi wake huilainisha tena, na ikifika mezani kwako imeshakuwa "kazi inaendelea vizuri". Tumekuzwa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika na watu wote aliowabeba.

Kwa hiyo kazi ya kiongozi ni kurudishia maneno uzito uliopunguzwa njiani. Mdogo wako akiuliza kwa kusitasita, lichukue swali lake kama tahadhari. Akisema "labda", "kidogo", "sijui kama ni muhimu ila...", usipite. Mwulize: "Ungekuwa wewe ndiye unayeamua, ungesimamisha nini?" Na msiulize "kuna tatizo?" Swali hilo linaomba jibu la "hamna", nanyi mtalipata. Ulizeni ni jambo gani linalomtia mtu wasiwasi zaidi, maana hapo mmeshakubali kwamba wasiwasi upo.

Kisha nyamazeni. Watafiti wa mazungumzo wamepima lugha mbalimbali za dunia na kukuta kwamba kati ya msemaji mmoja na anayefuata hupita kama sehemu ya tano tu ya sekunde. Lakini kuandaa hata neno moja huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake sote huanza kutunga jibu mwenzetu angali anasema. Katika soga za kawaida hakuna ubaya. Kwa bosi ni hatari, kwa sababu mtu mwenye hofu huliweka jambo lenyewe mwisho kabisa. Akimaliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu. Mara nyingi ataongeza kitu, na hicho ndicho kilichomleta.

Kampuni ya Western Electric ililiona hili katika kiwanda chake cha Hawthorne, karibu na Chicago. Kati ya mwaka 1928 na 1930 ilihoji wafanyakazi zaidi ya 20,000. Wahojaji walianza na maswali yaliyoandaliwa, lakini wafanyakazi walikuwa wakirudi kwenye mambo yao wenyewe. Basi wahojaji wakaambiwa waache orodha, wamfuate anayesema. Mahojiano yakarefuka kutoka kama nusu saa hadi kama saa moja na nusu. Fikirieni: orodha ya maswali ilikuwa inazuia saa nzima ya maneno.

Kwa wateja nitasema moja tu. Mteja akisema bei ni ghali, usikimbilie kupunguza. Mwulize anailinganisha na nini. Huenda anaogopa kuharibikiwa na kukosa wa kumsaidia, na hilo punguzo halilitibu.

Wenzetu wa anga walijifunza kwa damu. Baada ya warsha ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1979, shirika la United Airlines lilianza mafunzo ya aina mpya mwaka 1981: marubani wakuu wanafundishwa kualika kupingwa, na wasaidizi wao kutokata tamaa wakijibiwa vibaya mara ya kwanza. Pande zote mbili hufanya mazoezi. Katika ofisi zetu tunamtaka mdogo awe jasiri, bila kumfundisha mkubwa kupokea ujasiri huo.

Anzeni na kikao chenu kijacho. Mwenyekiti aseme mwisho, maana akitoa maoni mapema, waliobaki watamuunga mkono tu. Na kila aliyetoa hoja arudishiwe jibu baada ya siku chache: tumefanya hivi, au hatutafanya, kwa sababu hii. Watu huvumilia kukataliwa wakiambiwa sababu. Wasiporudishiwa chochote, mara nyingine mtawauliza nao watajibu kwamba kila kitu kiko sawa.

Sasa nawapisha, karibuni kwa maswali. Naomba waliokaa nyuma waanze.