Kipindi cha Rehema na Gody: Umeamua na Nani?

GODY: Haya, tumerudi. Mimi Gody, nipo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chumbani kwa jamaa yangu. Feni tumezima ili sauti iwe safi, kwa hiyo mkisikia mtu anahema, ni mimi.

REHEMA: Na mimi ni Rehema, Morogoro, stoo ya mjomba, nyuma ya dirisha lake la wakala wa pesa za simu. Mlango nimeegesha tu. Nikiitwa dirishani naenda, msiseme sikuwaambia.

GODY: Leo tulipanga kuongelea mwaka wa kukaa nyumbani baada ya kidato cha sita. Rehema ana karatasi yake, mambo matano ya kujua kabla hujaamua. Lakini kwanza, mdogo wangu, hebu simulia ya Jumanne, maana ile voisi uliyonitumia niliisikiliza kwenye daladala nikacheka peke yangu.

REHEMA: Jumanne mchana basi la Iringa limeshusha pale Msamvu, foleni imejaa. Mtu anainama dirishani: "Nitoe elfu thelathini." Nainua macho, mwalimu wangu wa Kemia! Kaka Gody, aliongea kwa sauti ile ile ya maabara: "Rehema! Wewe si ulipata wani? Chuo wamekunyima?"

GODY: Mbele ya watu.

REHEMA: Mbele ya foleni nzima. Mama mmoja nyuma yake akasema, "Masikini." Jamani, masikini! Namwambia, mwalimu, nimeamua kukaa mwaka mmoja kwanza. Akaniuliza, "Umeamua na nani?"

GODY: Swali zuri hilo.

REHEMA: Usianze. Sasa sikiliza. Mwalimu huyo huyo akanipa simu yake, akaniambia, "Nifanyie wewe, miwani nimeiacha. Namba ya siri andika..." Akaitaja yote. Foleni imesikia, muuza karanga amesikia.

GODY: Mtu wa sayansi!

REHEMA: Mtu wa sayansi. Nikamrudishia simu, nikamwambia mwalimu, badilisha hiyo namba leo leo.

GODY: Ungemjibu tu kama wale matapeli wa meseji, "Ile hela tuma kwenye namba hii."

REHEMA: [anacheka] "Jina litakuja Rehema."

GODY: Lakini kweli watu wanataja namba ya siri hivyo?

REHEMA: Kila siku! Wazee hasa. Kuna bibi mmoja anakuja na vikaratasi amevifunga kwenye pindo la kanga. Anafungua fundo taratibu, kikaratasi kimoja namba ya mwanawe, cha pili namba ya siri. Anavipanga vyote kwenye kaunta, juu ya daftari la miamala. Mimi nafunika cha siri kwa kiganja. Anaona namficha kitu, anakasirika!

GODY: Anadhani unamwibia.

REHEMA: Mpaka leo ananihisi vibaya. Lakini dirisha la jirani haendi.

GODY: Na wewe ukiishiwa unafanyaje? Mimi huwa sielewi. Nakwenda kwa wakala, naambiwa hela hakuna. Wakala gani hana hela?

REHEMA: Hapo sasa. Wakala ana mifuko miwili: keshi iko droo, na floti, yaani salio la wakala, iko kwenye laini. Mtu akitoa, keshi inapungua, floti inapanda. Akiweka, kinyume chake. Mwisho wa mwezi wote wanatoa. Ikifika mchana floti imenona, droo ina sarafu. Unamwona mteja ana haki yake kwenye simu, wewe huna noti ya kumpa. Vyuo vikifunguliwa, wazazi wote wanaweka, floti inakauka. Unakimbia kwa wakala mwenzako mbadilishane, na yeye hali ni hiyo hiyo.

GODY: Kwa hiyo siku ile mama alivyochelewa kunitumia hela ya kula...

REHEMA: Labda kweli wakala hakuwa na floti.

GODY: Nilimnunia siku mbili! "Mama, ile hela tuma kwenye namba hii."

REHEMA: Wewe ni tapeli wa mama yako mwenyewe.

GODY: Na aliyekosea namba? Maana hiyo ndiyo naiogopa.

REHEMA: Huyo usiombe akukute. Alikuja baba mmoja katuma ada ya mtoto kwa mtu asiyemjua, kasoma jina baada ya kubonyeza. Alikuwa anatetemeka, halafu anatufokea sisi. Kitu cha kwanza apige huduma kwa wateja pale pale, kabla yule wa pili hajatoa. Lakini mtu mwenye hasira hasikii "piga simu", anasikia "potelea mbali". Nilimtolea kiti nje, nikampa maji, nikapiga naye. Hela ilirudi, kasoro kidogo.

GODY: Haya, turudi kwenye mada. Mambo matano.

REHEMA: Hii ndiyo mada! Mimi nilikaa nyumbani kwa sababu nilisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, miaka miwili bila kujua naupenda udaktari au napenda mama anavyoniita "daktari wetu" mbele ya wageni. Nilikuwa na matarajio: nijifunze Kifaransa, nijitolee zahanati, nijue kuogelea.

GODY: Kifaransa kikoje?

REHEMA: *Bonjour.* Zahanati walisema hawachukui mtu asiye na cheti cha fani. Kuogelea, Morogoro, wapi? Ikabaki dirisha. Na bado sijajua kama ni udaktari. Ila yule baba aliyekosea namba, nilipokaa naye, niliona naweza kukaa na mtu aliyechanganyikiwa bila mimi kuchanganyikiwa. Shuleni hakuna aliyenipima hicho.

GODY: Sawa. Mimi nina swali ambalo najua utaninunia. Kamisheni ya miamala yote hiyo anachukua nani?

REHEMA: Mjomba. Laini ni zake.

GODY: Na wewe?

REHEMA: Nakula kwake, nalala kwake, vocha ananipa.

GODY: Rehema, hapo hujapumzika mwaka. Umefanyishwa kazi bure mwaka mzima, na ukaupa jina zuri. Malia Obama mwaka 2016 alikaa mwaka kabla ya Harvard, sikusikia kwamba alikaa dirishani kwa mjomba wake.

REHEMA: Malia baba yake alikuwa Ikulu! Kwetu watu wanapumzika wakifanya kazi, hakuna namna nyingine. Na hili si geni. Azimio la Musoma, 1974: ukitoka kidato cha sita, nenda kafanye kazi kwanza ndipo uende chuo kikuu. Nchi nzima ilikubali kwamba mtoto aliyetoka darasani moja kwa moja ana kitu amekosa.

GODY: Iliamriwa. Kukubali ni jambo lingine. Na kama unataka historia, twende 1966. Wanafunzi wa hapa hapa waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Moja ya walichokataa ni kupokea asilimia 40 tu ya mshahara wakiwa kwenye utumishi ule. Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Wale waligombea 40. Wewe unapokea asilimia ngapi?

REHEMA: Mia. Ya ugali.

GODY: Mimi sitanii.

REHEMA: Na mimi sitanii. Wewe ulienda Jeshi miezi mitatu, mchakamchaka saa kumi alfajiri, ukarudi unasema umekuwa mtu. Nani alikulipa pale?

GODY: Lile ni la taifa, kwa mujibu wa sheria.

REHEMA: Na mjomba ni wa nani? Aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita ni yeye. Unataka nimpelekee ankara?

GODY: Nataka akulipe, hata elfu hamsini kwa mwezi, ili mdogo wako Juma akimaliza mwakani asiambiwe "dada yako alikaa, na wewe kaa". Ninyi mkifanya bure, mnawafungia njia wanaokuja nyuma.

REHEMA: Na mimi nataka Juma akae. Na nikimwambia mjomba "nilipe", siku hiyo nimekuwa mfanyakazi. Mfanyakazi anafukuzwa. Mpwa hafukuzwi.

GODY: Mpwa pia halipwi.

REHEMA: Kaka Gody, hujakaa huku.

GODY: Nisingekaa.

REHEMA: Basi.

GODY: Basi. [kimya] Tuendelee?

REHEMA: Tuendelee na nini, umeshaniharibia mjomba hewani, na huwa anasikiliza.

GODY: Shikamoo mjomba.

REHEMA: Hakuitikii huyo leo.

GODY: Soma karatasi. Jamaa anarudi chumbani kwake muda si mrefu, na betri yangu imebaki asilimia 9.

REHEMA: Mambo matano hayaenei. Nasoma la kwanza, maana lina tarehe ndani yake. Mikopo ya chuo, ile ya Bodi ya Mikopo: dirisha la maombi likifunguliwa usingoje siku za mwisho. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA kwanza, ule wakala wa serikali wa usajili, na wa Zanzibar wana wakala wao. Kama ulikaa mwaka, usidhani majibu ya uhakiki yanakuja siku hiyo hiyo. Na maombi ya chuo unapeleka chuo chenyewe, si TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, watu bado wanachanganya. La pili...

SAUTI YA NJE: Rehema! Watu wamejaa huku!

REHEMA: Nakuja! La pili linahusu wazazi, ni refu, linataka kipindi chake.

GODY: La tatu?

REHEMA: La tatu lilikuwa kuhusu kulipwa.

GODY: Aah! Kumbe na wewe uliliandika!

REHEMA: Niliandika swali, sikuandika jibu. Nakata simu, kaka Gody, droo naisikia inavutwa na mjomba hajui nilipoacha hesabu.

GODY: Wasikilizaji, tukutane wiki ijayo. Rehema? ... Ameshaenda.