Babu Anaporudia Hadithi Ile Ile

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wa Kigoma, nimeombwa nizungumzie akili ya binadamu uzeeni, nami nitaanzia barazani kwa marehemu babu yangu, kule Ujiji. Jioni kabla ya adhana ya Magharibi alitusimulia siku alipomwacha mdogo wake gatini, akapanda meli ya Liemba kwenda Mpulungu, Zambia, kutafuta kazi. Sisi wajukuu tulikonyezana: kaanza tena.

Hata wataalamu wengi walikonyezana hivyo hivyo, wakihesabu kukumbuka ya zamani kuwa dalili ya akili kuchoka, mpaka mwaka 1963, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, alipoandika kwamba mzee aonapo kifo hakiko mbali huyapitia maisha yake, hasa mambo ambayo hakuwahi kumalizana nayo, na kwamba kazi hiyo ni ya kawaida kabisa. Kabla yake, mwaka 1950, mwanasaikolojia Erik Erikson alikwisha kuyagawa maisha katika hatua 8, ya mwisho ikiwa mvutano kati ya kuyakubali maisha kama yalivyokuwa na kukata tamaa kwa kuona muda wa kuanza upya umekwisha. Nasisitiza neno mvutano, maana hata mzee aliyetulia ana majuto yake, ila hayamtawali.

Nilipopata akili ya utu uzima niligundua kwamba hadithi ya babu haikuwa ile ile. Zamani aliyelia gatini alikuwa mdogo wake. Miaka ilivyosogea, aliyelia akawa yeye mwenyewe.

Hapa tusichanganye mambo. Mzee anayeuliza swali moja mara tano kwa saa moja, au anayepotea njia ya kwake, apelekwe hospitali, kwa kuwa huenda huo ni ugonjwa. Butler pia alionya kwamba mapitio haya huweza kuishia katika huzuni nzito, na kwa maoni yangu hatari hiyo humkaribia zaidi mzee anayeyafanya peke yake, huku sisi tukimkatiza kwa "hiyo umeshatuambia."

Mwaka wake wa mwisho nilimuuliza kwa nini hawakusafiri wote wawili. Alinyamaza mpaka adhana ikaisha, akashika mkongojo wake ainuke, kisha akakaa tena. "Nauli ilikuwa ya mmoja," akasema, "na mawese tuliyoyauza kuipata, aliyeyakamua ni yeye."